Gobori Moja, Vikombe Vitatu

Tulipomzika wifi yangu Sekela pale Mbugani, kijana wa kanisa aliyekuwa akiandika msalaba aliniuliza jina la baba wa marehemu. Jina la ukoo alikuwa nalo tayari. Alichotaka ni jina la mzee mwenyewe, lile alilopewa utotoni. Wajukuu wakatazamana. Wao walimjua kwa kusimuliwa tu, na katika masimulizi hayo aliitwa Babu, basi. Mume wangu, ambaye angejibu mara moja, alitangulia zamani. Kwa hiyo wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mzee niliyebaki. Kijana akainama, akapaza sauti kama anayesema na kiziwi: "Bibi! Baba yake Mama Sekela aliitwa nani?" Nikaitazama brashi yake ikidondosha rangi nyeupe kwenye majani, nikasema, "Mwanangu, siwezi." Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mwacheni, kichwa kimeshachoka." Kichwa changu hakijachoka. Jina lile ninalo, limekaa kinywani mwangu kama kokwa ambalo mtu hawezi kulimeza wala kulitema mbele za watu. Nimelitaja mara moja tu maishani mwangu. Hata sasa, nikiwa peke yangu na kalamu, naona haya kuandika herufi yake ya kwanza.

Ninyi mliozaliwa juzi, msiogope, nitaeleza polepole na mtaelewa. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Desturi hiyo huitwa kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Ukisikia kikohozi chake njiani, unajitupa majanini na kujifunika nguo mpaka apite. Naye akisikia makofi yako, anajua upo karibu, anageuka na kushika njia nyingine. Na si uso wake tu unaouepuka. Unaepuka jina lake, na kila neno linalofanana na jina lake. Kama mkweo anaitwa kwa jina la mto, wewe mto unautafutia jina jingine, na majirani wanakuzoea. Wangu mimi alipewa jina la mnyama. Ni yule mwenye pua ndefu, anayekuja na ndugu zake kuchimbua viazi shambani, ambaye Waislamu hawali nyama yake. Unamjua. Mtaje wewe kimoyomoyo, kwa niaba yangu. Mimi nitamwita mchimbaji, kama nilivyomwita mwaka ule.

Mwaka wenyewe ulikuwa kabla ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Nilikuwa nimetoka Ikombe, kule pwani ya ziwa ng'ambo ya Matema, kwetu Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu kama wengine wanavyopumua. Niliolewa huku bondeni karibu na mto Mbaka. Kabla sijajengewa nyumba, mume wangu akachukuliwa kwenda Mwaya kukata kuni za meli. Ndipo nikawekwa jikoni kwa mama mkwe, tuliyemwita Juba, yaani mama. Haikuwa kawaida mkamwana kukaa karibu hivyo, lakini kiangazi kile hapakuwa na mtu wa kujenga. Jiko la Juba lilikuwa la mianzi iliyopigwa udongo, jeusi kwa moshi juu na safi chini kama sahani, lenye harufu ya ndizi mbichi na samaki wa kukaushwa. Nyuma ya ukuta mmoja, ukuta wa mianzi mitupu usiokandikwa, kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango wake upande wa migombani. Humo mkwe wangu aliweka gobori lake. Mimi nilikaa upande huu nikimenya ndizi, yeye upande ule akipangusa chuma. Tulisikilizana kila siku, na hatukuwahi kuonana.

Kati yetu alikuwepo Sekela, binti yake wa mwisho, msichana wa umri wangu, mwenye mdomo mwepesi. Yeye ndiye aliyekuwa njia ya maneno. Siku moja mzee alisema nyuma ya ukuta, "Mwulize huyo mtoto wa Ikombe kama udongo wa kwao unavumilia kugongwa." Nami nilikuwa nimesikia kila neno, nikafungua kinywa kumjibu Sekela. Sekela akaniwekea kiganja mdomoni. "Hujasikia!"

"Nimesikia, wifi."

"Husikii mpaka mimi niseme. Baba anauliza, je, vyungu vyenu vina akili, au ni vya kutazamwa tu?"

Upande wa pili mzee akakohoa. "Sikusema hivyo mimi."

"Baba anasema hakusema hivyo," Sekela akanieleza kwa uso mkavu, na Juba akacheka mpaka akaliweka chini jungu la maziwa. Mimi nilijifunika uso kwa haya. Lakini moyoni nilifurahi, maana hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa boma lile kuuliza habari za kazi yangu. Mpaka siku ile walikuwa wakiniita "wa vyungu", na wanawake wenzangu kisimani waliniuliza kama kwetu tunakula udongo.

Sasa nieleze kwa nini mzee alitaka udongo. Gobori si kama bunduki za leo. Ni bomba moja refu la chuma, unalijaza kwa mdomoni. Unamimina baruti, unashindilia kizibo kwa mdeki, ile fimbo ndefu ya chuma, halafu unaweka risasi, unashindilia tena, na mwisho unaweka fataki nyuma pale nyundo inapogonga. Boma la Wajerumani lilimpa mzee kibali cha gobori hilo moja tu. Lakini kazi zilikuwa tatu. Kulikuwa na kanga, ndege wa kitoweo, ambao walitaka marisau, yaani punje ndogo za risasi zinazotawanyika kama mtama unaorushwa, na baruti kidogo tu, la sivyo unakusanya manyoya badala ya nyama. Kulikuwa na wachimbaji, waliotaka risasi moja ya mviringo iliyofungwa kitambaa chenye mafuta ya kondoo, ili iende moja kwa moja, na baruti ya kiasi. Halafu kulikuwa na kiboko, aliyepanda kutoka ziwani na kulala ndani ya mpunga wa watu. Huyo alitaka risasi nzito na baruti nyingi, na mpigaji mwenye bega la kuvumilia teke. Mzee alikuwa akipima baruti kwa kiganja. Kiganja kilianza kutetemeka. Mara kanga anapasuka vipande, mara mchimbaji anajikung'uta na kwenda zake.

Nikamfinyangia vikombe vitatu vidogo, vya kushikwa kwa vidole viwili. Kila kazi ilipata kikombe chake. Kimoja kikijaa baruti, basi ndicho kipimo, hakuna kubahatisha. Na kwa kuwa chumba kile kilikuwa na giza hata mchana, niliviwekea alama za kupapasa. Cha kanga nilikitoboatoboa vidoti kwa mwiba, kama manyoya yake. Cha wachimbaji nilikichora matuta, kama shamba lililochimbuliwa. Cha kiboko nilikilainisha kwa kokoto mpaka kikateleza, kama mgongo wake ukitoka majini. Nilivipeleka kwa Sekela, Sekela akavipitisha chini ya ukuta. Nikawa nasikia kidole kikisugua udongo. Kisha mzee akasema, si kwa Sekela, alisema tu hewani, kama mtu anayezungumza na paa: "Huyu anajua." Sekela akageuka kunipelekea neno hilo, akaona machozi yangu, akaliacha.

Kutoka hapo tuliongeza jambo moja baada ya jingine. Nilimtengenezea kalibu za udongo za kumwagia risasi iliyoyeyushwa, ndogo na kubwa. Nilimsokotea vizibo vya maganda makavu ya mgomba, vyembamba vya marisau na vinene vya risasi nzito. Aliposema kwamba chini ya migomba haoni ncha ya bunduki yake, nilimpa udongo mweupe tunaopakia vyungu, akabandika tone lake mwishoni mwa bomba, likawa linang'aa kivulini. Kwa kiboko alichonga mti wenye panda wa kuegemeza bomba, na Juba akashona ngozi ya kondoo ya kufunga kitakoni ili bega lisivunjike. Ukienda kwa kanga, ngozi inavuliwa, panda inabaki nyumbani, gobori linakuwa jepesi tena. Hivyo ndivyo chuma kimoja kilivyofanywa kuwa bunduki tatu. Nawe ukipata chombo kimoja tu maishani, usikidharau. Keti nacho, kiulize kinaweza nini kingine.

Sifa zikaenea, na sifa hazijui kunyamaza. Watu wakasema mzee yule ana bunduki tatu: moja ya ndege, moja ya mashamba, moja ya ziwani. Neno likafika bomani, na askari mmoja akaja, kofia mkononi kwa joto, kuzitafuta mbili zisizo na kibali. Mimi nilikuwa nimejikunyata nyuma ya gunia la mpunga. Nilimsikia akizungumza Kiswahili, na ndicho Kiswahili cha kwanza nilichokisikia ndani ya nyumba. "Mzee, toa zote. Usinisumbue na jua hili." Mzee akamletea gobori na vikombe vitatu kwenye ungo. "Hii ndiyo bunduki," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "na hizi ndizo zile nyingine." Askari akacheka hadi akakaa chini. Juba akampa nyama ya kanga kwenye chungu changu, na ndizi zilizopondwa, akala, akauliza nani aliyefinyanga. Sekela akajibu, "Wifi yangu. Lakini haonekani, ni kama upepo." Jioni ile wanawake wa kisimani hawakuniita wa vyungu. Waliniita Mama Baruti, na mimi sikuwa hata na mtoto.

Naeleza haya yote ili ujue nilikuwa nimepanda mpaka wapi kabla sijaanguka. Kwa kukaa nyuma ya ukuta ule nilijifunza kulisikia gobori. Mdeki ukiingia katika bomba tupu, unalia sauti nyembamba ndefu mpaka chini. Marisau yakiwa ndani, mlio unakatika mapema, mzito, kama mchi uliokuta mtama tayari kinuni. Mzee hakujua kwamba nasikiliza hivyo. Hata mimi nilijua tu kama mtu anavyojua mvua kabla haijanyesha.

Ilikuwa asubuhi ya masika, ukungu umelala juu ya migomba. Jana yake mzee alikuwa amelijaza gobori kwa ajili ya kanga, mvua ikamzuia, akaondoa fataki na kuliegemeza ukutani vilevile na mzigo wake ndani. Nilisikia mwenyewe. Asubuhi Juba alikwenda kukamua, Sekela alikwenda mtoni kuteka maji, na mimi nikabaki na ndizi zangu. Nikamsikia mzee akiingia chumbani upesi, akijisemea kwamba mbwa wameanza kelele upande wa viazi. Nikasikia baruti ikimiminwa kutoka kikombe chenye matuta. Nikasikia mdeki ukishuka, na mlio ukakatika mapema. Alikuwa amesahau. Alikuwa akipandisha mzigo juu ya mzigo, baruti juu ya marisau juu ya baruti, na sasa anashindilia risasi. Chuma kina kipimo chake kama chungu, na mimi nilijua chungu kinavyofanya kikizidiwa na moto.

Hapakuwa na Sekela. Mkamwana hasemi na mkwe. Nilifanya lile tu nililoruhusiwa, nikapiga makofi. Makofi maana yake ni "niko hapa, usije". Na yeye, kwa heshima aliyokuwa nayo, aliposikia makofi yangu alifanya haraka kutoka kwa mlango wa migombani, anipishe. Nikapiga tena, naye akazidi kwenda mbali. Ndipo nikasimama, nikaweka mdomo kwenye mianzi, nikaita kwa nguvu zangu zote. Nilikusudia kusema, "Fulani, simama, imejaa!" Sikupita jina. Nilipolisikia jina lile likitoka kinywani mwangu, kubwa, wazi, mbele ya mchana wa Mungu, ulimi ukafa ganzi na maneno yaliyobaki yakarudi tumboni.

Naye alisikia nini? Fikiri nawe kidogo. Katika boma lile, mkamwana asingelitamka neno lile hata kwa kisu shingoni. Kwa hiyo sauti ya kike iliyolitamka haikuwa yangu. Ilikuwa ya Sekela. Na Sekela asingemwita baba yake kwa jina. Basi Sekela alikuwa akiita habari ya wanyama wenyewe. "Wako wapi, mwanangu?" mzee akajibu akikimbia. "Nimewaona, nimewaona!" Hakukuwa na kitu. Majani ya viazi yalitikiswa na kuku wa Juba. Nikasikia nyundo, halafu mlio ambao haukuwa wa kanga, wala wa mchimbaji, wala wa kiboko.

Nilipofika, bomba lilikuwa limechanika ubavuni kama ganda la ndizi. Mzee alikuwa chali kati ya matuta, mkono wa kushoto umeharibika, uso mweusi kwa baruti, damu ikitoka upande mmoja wa macho. Nilifungua nguo yangu ya juu, nikamfunga mkono, nikakiweka kichwa chake magotini pangu. Ndiyo, mimi, mkamwana. Sikuwa na muda wa kuogopa. Kisha jicho lake la kulia likafunguka. Lilikuwa jekundu lakini zima. Likanitazama. Nilimwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza: mtu mdogo kuliko sauti yake, ndevu chache, kovu la zamani juu ya nyusi. Tukatazamana, na nikaona katika jicho lile kwamba ameelewa kila kitu, sauti ilikuwa ya nani, makofi yalikuwa ya nini, na nini kitanipata. Akalifumba jicho taratibu. "Sekela," akasema, "Sekela mwanangu, sioni. Niongoze."

Nikasema, "Ee, Tata," yaani baba. Ndiyo maneno pekee niliyopata kumwambia.

Sekela akatokea na mtungi wa maji kichwani. Alitutazama, akautua mtungi bila kumwaga tone, akaja akaketi mahali pangu, akanisukuma kwa bega. "Nenda," akaninong'oneza. "Nenda kaoshe damu." Watu walipojaa uwanjani, nilikuwa nyuma ya gunia la mpunga.

Wazee walikaa siku iliyofuata, chumba kilekile, na mimi jikoni nikisikia yote. Mdogo wake mzee, mtu mkali, ndiye aliyesema. "Kaka, nguo uliyofungwa nayo mkononi si ya Sekela. Tunaijua ni ya nani. Mkamwana aliyekutana na mkwe uso kwa uso hakai hapa. Arudi kwao Ikombe, na ng'ombe wetu warudi." Juba alikuwa kando yangu, mkono wake ukanishika goti. Nilijua kwamba nikirudishwa kwa kosa lile, hakuna nyumba bondeni wala pwani itakayonipokea, na mume wangu atarudi kutoka Mwaya akute jiko lililozimwa. Mzee akasema, "Nguo ni nguo. Sekela alichukua iliyokuwa karibu."

"Na sauti iliyoita? Jirani alisikia sauti."

"Ilikuwa yangu," Sekela akadakia. "Niliona majani yakitikisika. Nipigeni mimi."

"Hata kama alikuja huyo mnayemsema," mzee akaendelea, polepole, "uso kwa uso ni kwa mtu mwenye macho. Mimi sikumwona mtu. Macho yangu yalikufa yote mawili palepale. Leteni taa hapa mnijaribu." Wakaleta kijinga cha moto mbele ya uso wake. Nilisikia kwa jinsi walivyonyamaza kwamba hakupepesa. Basi wakatengeneza mambo kwa kuku na pombe ya ulezi, wakanywa kwa mirija yao mpaka jua likaelekea milimani, na mimi nikabaki kuwa mkamwana wa nyumba ile.

Mwindaji aliyejulikana bonde zima akawa kipofu wa kuongozwa kwa fimbo. Watoto wa majirani walimcheka kwa kujikwaa. Alimwagiwa maziwa kifuani kwa sababu hakujiruhusu kukiona kibuyu kinachokuja. Wachimbaji walirudi kwenye viazi, na aliketi barazani akiwasikia watu wakisema, "Laiti mzee angekuwa na macho!" Mume wangu aliporudi, alilia kumwona baba yake vile, na mimi nikambandikia maji ya kuoga, sikusema kitu, maana siri ile haikuwa yangu peke yangu kuitoa. Wapo watakaosema ni jambo la kushukuru. Mimi nimelishukuru. Lakini Kinyakyusa kina neno isoni, na Kiswahili cha zamani nacho kinalo, soni. Si majuto ya mtu aliyekosa, maana mimi nikiulizwa leo nitapiga kelele tena. Ni haya ya kulipiwa na mtu mwingine kwa kitu ambacho huwezi kumrudishia, na kila asubuhi unamkuta barazani akiendelea kulipa.

Nilijuaje kwa hakika? Si kwa jicho lile tu. Mwanangu wa kwanza alipoanza kutembea, alichomwa na mwiba, akamkimbilia babu yake. Nikawatazama kupitia mianzi. Mzee aligeuza kichwa huku na huku, akaona kwamba hapana mtu, kisha akainamisha jicho lake jema na kuutoa mwiba kwa kucha, mara moja, bila kupapasa. Na lipo lingine. Kwa kuwa sasa alihesabiwa kipofu, wakubwa walisema sina haja ya kujitupa majanini; naweza kupita mbele yake na mtungi wangu. Nikapita. Na kila nilipopita, kabla unyayo wangu haujatoa sauti, mzee aligeuza uso wake ukutani mpaka nipite. Kipofu hageuzi uso. Alikuwa bado akinitunzia heshima yangu, ndani ya kifungo alichojifunga mwenyewe. Aliendelea hivyo mpaka vita ilipofika bondeni, na mpaka homa ilipomchukua.

Mwezi mmoja kabla Sekela hajafariki nilikwenda kumwona pale Mbugani. Tulikula wali na mbasa, samaki wa ziwani kwetu, yeye akila vijiko viwili na kunihimiza mimi nimalize. Akaniambia nimtolee kitu chini ya mto wake. Kilikuwa kikombe kile chenye matuta, ukingo umebanduka. Akakizungusha vidoleni, akasema, "Wifi, nina jambo limenikaa tangu ujana. Unadhani Tata alikuwa kipofu?"

"Najua hakuwa."

Akaketi kitandani. "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Mchawi wewe! Na mimi nilikuficha miaka yote hii usije ukaumia!" Akacheka mpaka mjukuu wake akachungulia mlangoni. "Nilikuwa namwongoza kwa fimbo, wifi, nami nilikuwa natazama vijana, sitazami njia. Yeye ndiye aliyekuwa akinivuta nisiingie mashimoni." Tulicheka, halafu hatukucheka tena. Akaniuliza, "Ulimwonea huruma?" Nikamwambia, "Nilimwonea haya." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu alizokuwa akizingoja. Kikombe tumemzika nacho.

Msalaba wake umeandikwa jina lake, kisha "binti wa", kisha nafasi tupu. Kijana wa kanisa alitaka kulifuta neno lile la mwisho, nikamwambia aliache. Wapitao wanadhani rangi iliisha. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa jina unalo. Umekuwa nalo tangu mwanzo. Ukipita Mbugani, na ukiwa na brashi, ijaze nafasi ile, uandike kwa herufi kubwa, naye amestahili. Usinitazame mimi. Nitakuwa nimesimama kando, nimegeuza uso.